Je, Wajua? Mfuko wa Plastiki Ulipowekewa Bei

Kwa miaka mingi mfuko wa plastiki ulitolewa bure dukani. Ukinunua sukari unapewa mmoja, ukiongeza sabuni unapewa wa pili, na ukiwa mteja wa siku nyingi unaongezewa wa tatu ili mzigo usipasuke njiani. Kisha nchi moja baada ya nyingine zikaona hasara yake, zikauwekea bei, kodi au marufuku kabisa. Yaliyofuata yana ya kuchekesha, ya kusikitisha na mengi ya kutufunza sisi tunaokwenda sokoni kila siku.

Aliyeubuni alitaka kuokoa miti

Plastiki ya mifuko, yaani polithini, ilipatikana kwa bahati mwaka 1933. Wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, walikuwa wanatafuta kitu kingine, wakakuta utando mweupe kama nta ndani ya chombo chao. Mfuko wenyewe, ule wa kipande kimoja wenye mikono miwili, ulibuniwa baadaye na mhandisi wa Uswidi, Sten Gustaf Thulin, wa kampuni ya Celloplast. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965.

Je, wajua Thulin alikusudia nini? Mwanawe amesimulia kwamba baba yake aliuona mfuko huo kuwa dawa ya ukataji wa miti iliyokuwa ikiishia kwenye mifuko ya karatasi. Yeye mwenyewe alitembea na mfuko wake ameukunja mfukoni, akautumia tena na tena. Kwamba mtu angeutumia mara moja na kuutupa ni jambo ambalo lingemshangaza. Kilichokwenda kombo ni kwamba maduka yaliugawa bure, na cha bure hakitunzwi.

Kodi ambayo mnunuzi hakuiona

Denmaki ilianza kutoza kodi ya mifuko mwaka 1994. Lakini waliodaiwa walikuwa watengenezaji na waagizaji, tena kwa uzito wa mzigo wao. Mtu aliyesimama kaunta na mkate wake hakuulizwa chochote na serikali. Ilibidi ipite miaka minane kabla ya nchi nyingine ya Ulaya kuligeuza deni hilo na kumwelekezea mbebaji mwenyewe.

Ayalandi: senti 15 na risiti

Tarehe 4 Machi 2002 Ayalandi ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki. Kabla ya hapo ilikadiriwa kwamba kila mtu alitumia mifuko 328 kwa mwaka. Baada ya tozo idadi ikaporomoka hadi 21.

Siri ilikuwa kwenye utaratibu. Mwenye duka hakuruhusiwa kumlipia mteja kimyakimya kwa kuificha tozo ndani ya bei ya maziwa. Ilibidi aitoze palepale anapolipwa, na iandikwe kwenye risiti kwa mstari wake. Mteja akifika nyumbani akiisoma risiti anaona mkate, siagi, majani ya chai, kisha mfuko. Fedha zote zilipelekwa kwenye mfuko maalumu wa mazingira, kwa hiyo hata mlalamikaji alijua zinakokwenda. Matumizi yalipoanza kupanda tena taratibu, serikali haikuhubiri sana. Julai 2007 ilipandisha tozo hadi senti 22.

Kuadhibiwa kunauma kuliko kuzawadiwa

Ukitaka watu waje na mifuko yao, utawapa zawadi au utawatoza? Mwanauchumi Tatiana Homonoff wa Marekani alilichunguza swali hili katika maduka ya eneo la Washington. Jiji hilo lilianza kutoza senti 5 kwa kila mfuko Januari 2010, na wilaya jirani ya Montgomery, jimboni Maryland, ikafuata Januari 2012. Wakati huohuo maduka mengine ya eneo hilo yalikuwa na mpango wa kumrudishia senti 5 zilezile mteja aliyekuja na mfuko wake.

Kiasi ni kilekile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Palipotozwa, wateja waliotumia mifuko ya dukani walishuka kutoka takribani wanane kwa kila kumi hadi wanne. Palipotolewa zawadi, karibu hakuna kilichobadilika. Senti tano za kupewa mtu huzipuuza. Senti tano za kutozwa humfanya ashike nyanya zake mkononi na kutembea nazo hadi kwenye gari. Tozo ya Washington huingia kwenye mfuko wa kusafisha mto Anacostia, unaopita katikati ya jiji hilo.

Samaki hai hatozwi

Uingereza iliingia kwa zamu: Wales Oktoba 2011, Ayalandi ya Kaskazini Aprili 2013, Scotland Oktoba 2014, na England yenyewe ikawa ya mwisho Oktoba 2015, kwa peni 5 kila mfuko. Kanuni za England zina orodha ya misamaha inayochekesha. Hutozwi ukibeba nyama au samaki mbichi, dawa ulizoandikiwa na daktari, au viazi ambavyo bado vina udongo wa shambani. Hata samaki hai wa mapambo, anayeogelea ndani ya mfuko wa maji, husafiri bila kulipiwa mfuko.

Mwaka 2014 kila mkazi wa England alichukua wastani wa mifuko 140 kutoka maduka makubwa. Kufikia 2019/2020 alinunua minne tu. Mei 2021 bei ikapanda hadi peni 10, na msamaha wa maduka madogo ukafutwa.

Lakini mfuko wa kudumu ukageuka wa siku moja

Ushindi huo una doa. Maduka ya Uingereza yalianza kuuza mfuko mzito wa plastiki, wenye jina la kuahidi kwamba utadumu maisha yote. Ripoti ya wanaharakati wa mazingira ilionyesha kwamba mwaka 2018 iliuzwa mifuko bilioni 1.5 ya aina hiyo, sawa na 54 kwa kila kaya. Familia yenye mifuko 54 ya maisha kwa mwaka mmoja haikuacha tabia yoyote. Ilibadilisha unene wa plastiki tu, na mfuko mzito ukitupwa baada ya safari moja huacha plastiki nyingi kuliko ule mwepesi.

Marufuku inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma

Mtafiti Rebecca Taylor alifuatilia miji ya California iliyopiga marufuku mifuko ya dukani. Akagundua kwamba watu wengi walikuwa wakiitumia mifuko hiyo kutandika kwenye ndoo za taka nyumbani. Ilipokosekana, wakaenda kununua mifuko ya taka, ambayo kwa kawaida ni minene zaidi. Mauzo ya mifuko midogo ya taka yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia mia moja. Kwa hesabu zake, katika kila kilo 10 za plastiki zilizoondolewa madukani, karibu kilo 3 zilirudi kwa sura hiyo. Hata hivyo kilo 7 si haba.

Mfuko wa pamba una deni kubwa

Wengi hudhani kwamba ukibeba mfuko wa kitambaa cha pamba umekwisha kuwa rafiki wa mazingira. Wakala wa Mazingira wa England ulipiga hesabu ya nishati na hewa chafu kuanzia malighafi hadi jalalani, ukatoa majibu mwaka 2011. Ili mfuko wa pamba ulingane na ule mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, unahitaji kutumika mara 131. Wa karatasi unahitaji mara 3, na ule wa polipropilini, unaofanana na kitambaa chepesi, mara 11. Sababu ni kwamba pamba hunywa maji mengi shambani na hutumia mbolea, dawa na umeme wa kiwandani.

Hesabu hiyo ilipima athari kwa hali ya hewa. Haikupima kobe aliyekabwa wala mtaro ulioziba. Lakini inatukumbusha kwamba aliye na mifuko kumi ya pamba kabatini, ambayo haijawahi kufika sokoni, hajaokoa kitu.

Afrika Kusini: bei iliyolegezwa

Je, wajua kwamba Afrika Kusini iliwahi kuushinda mfuko kisha ikaurudishia ushindi? Mwaka 2003 serikali ilipiga marufuku mifuko myepesi na kutaka ile minene iuzwe. Mfuko wa kawaida ulianza kwa senti 46 za randi, na mahitaji yakaanguka kwa kishindo. Lakini wenye maduka makubwa waliogopa kukimbiwa na wateja. Wakaanza kupunguza bei, na haikuchukua muda wateja wakazoea na kuanza tena kununua. Kodi ya serikali yenyewe ilianza kwa senti 3 tu kwa mfuko. Mwaka 2020 ilikuwa imefika senti 25.

Jirani yake, Botswana, ilianza mwaka 2007. Huko maduka yaliishikilia bei bila kuiteremsha. Mwaka mmoja na nusu baadaye matumizi yalikuwa yamepungua kwa nusu, na yakabaki chini. Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa ukali wa sheria. Ni nani alithubutu kutopunguza bei.

Aibu iliyogeuka fahari

Mwaka 2019 duka la East West Market mjini Vancouver, Kanada, liliona kwamba kutoza senti 5 hakutoshi. Likachapisha mifuko yenye majina ya biashara za kuaibisha: moja ilijifanya imetoka kwa muuza jumla wa marhamu ya sugu za ngozi, nyingine duka la filamu za watu wazima, nyingine ushirika wa kutunza utumbo mpana. Mteja aliyesahau mfuko wake angetembea barabarani na tangazo hilo mkononi.

Hesabu ilikataa. Watu walikuja dukani makusudi kutafuta mifuko hiyo, wakitaka kuipata yote. Mtu akiona aibu hutupa mfuko. Akicheka huuomba wa pili.

Nyangumi mmoja na toroli za Bangkok

Mwishoni mwa Mei 2018 nyangumi mdogo alikutwa akiwa hoi kwenye mfereji kusini mwa Thailand. Alipokufa, waliompasua walitoa tumboni mwake mifuko 80 ya plastiki yenye uzito wa kilo 8. Plastiki haimeng'enyeki, hujaza tumbo na kumnyima mnyama nafasi ya chakula.

Tarehe 1 Januari 2020 maduka makubwa ya nchi hiyo yaliacha kutoa mifuko. Wateja walijibu kwa mizaha. Wengine walikwenda kununua bidhaa wakiwa na toroli za ujenzi, wengine na ndoo, wengine na vikapu vya nguo chafu, wakapiga picha na kuzirusha mitandaoni. Mizaha ilipita, ununuzi bila mfuko wa dukani ukawezekana.

Kobe hudanganywa na harufu pia

Tumezoea kuambiwa kwamba kobe wa baharini humeza mfuko kwa kudhani ni kiwavi-maji, yule mnyama laini anayeelea. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliongeza jambo: plastiki iliyokaa baharini hushikwa na mwani na vijidudu, ikaanza kunuka kama chakula. Kobe walionusishwa plastiki hiyo waliitikia sawasawa na walivyoitikia harufu ya chakula halisi. Wala kina cha bahari si kinga. Watafiti wa Japani wamethibitisha kuwa na picha ya mfuko wa plastiki katika mfereji wa Mariana, mita 10,898 chini ya uso wa bahari.

Mitaro, mafuriko na mbu

Bangladesh ndiyo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki, mwaka 2002. Haikusukumwa na kobe. Ilibainika kwamba mifuko iliyoziba mitaro ilikuwa imezidisha mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998. Kwetu, marehemu Profesa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alionya kwamba mfuko uliotupwa hukinga maji ya mvua, na maji hayo huwa mazalio ya mbu wa malaria. Anayeishi Msimbazi, Jangwani au Mathare hahitaji mtaalamu wa kumweleza. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro hutapika kila kilichotupwa humo.

Afrika Mashariki iliruka hatua ya bei

Wakati Ulaya inahesabu senti, nchi zetu nyingi ziliamua kufunga mlango. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008. Abiria anayetua Kigali na mfuko wa plastiki huuacha uwanjani. Zanzibar iliitangulia Tanzania Bara kwa zaidi ya miaka 10.

Kenya ilijaribu mara mbili, mwaka 2007 na 2011, kuzuia mifuko kwa unene na kodi, ikashindwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya pekee yaligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku kamili ikaanza: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Ni kati ya adhabu kali kuliko zote duniani kwa kosa la mfuko.

Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Anayetengeneza au kuingiza mifuko hiyo anakabiliwa na faini inayoanzia shilingi milioni 20 na kufika bilioni 1. Mtu wa kawaida akikutwa anaitumia, faini ni shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Ndani ya wiki chache rambo zikatoweka madukani, na vijana waliokuwa wakizitembeza sokoni wakageukia mifuko mbadala.

Nyanya za mafungu na vifungashio

Sheria haikumaliza kazi. Vifuko vyembamba visivyo na mikono viliruhusiwa kufungashia bidhaa kiwandani, kama mkate au karanga. Sokoni vikapata kazi ya pili. Muuza nyanya anamimina fungu ndani ya kifungashio, anafunga fundo, anakukabidhi, kimekuwa kibebeo. Mwaka 2021 Serikali ililazimika kutoa onyo jipya kwamba kifungashio hakiruhusiwi kubebea mizigo. Kenya nako, mifuko ya polipropilini iliyochukua nafasi ya majuala ilitengenezwa hafifu kiasi kwamba mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, ilitangaza mwaka 2019 kuizuia.

Uganda ilitangaza marufuku ya mifuko myepesi ya plastiki, inayoitwa kavera huko, mwaka 2009, lakini usimamizi ulilegea, na kavera zikabaki kila soko. Sheria bila msimamizi ni karatasi.

Ghuba imepita njia zote mbili

Kwa ndugu zetu wanaoishi Ghuba, Dubai ilianza na bei: filsi 25 kwa kila mfuko, kuanzia Julai 2022. Watu wakapewa mwaka mmoja na nusu wa kuzoea kubeba mifuko yao. Tarehe 1 Januari 2024 ikaja marufuku. Abu Dhabi nayo ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja tangu Juni 2022.

Kwetu bei imerudi bila kupigiwa kura

Huku kwetu hakuna tozo ya mfuko kaunta, lakini mfuko tunaulipia. Ingia Kariakoo bila kikapu: kabla hujamaliza kuhesabu chenji, kijana amekwisha kukutandazia mifuko mbadala ya mia mbili, ya mia tano na ile mikubwa ya elfu moja. Unanunua leo, unasahau nyumbani, na kesho unanunua tena. Fedha hizo hazisafishi mto wala hazizibui mtaro. Na kwa kuwa hakuna risiti inayoziorodhesha, hatuzioni zikienda.

Nchi zilizofanikiwa zimetuonyesha mambo mawili. Mtu akiiona bei kwa macho yake, hubadilika haraka kuliko akihubiriwa. Na bei ikilegezwa, hurudi alikotoka. Sheria yetu tayari ni kali kuliko ya wengi. Iliyobaki ni desturi, na desturi hiyo mama zetu walikuwa nayo kabla ya plastiki kuja. Walikwenda sokoni na kikapu cha ukili au kiondo cha katani, na kilikaa miaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: mfuko mmoja imara ubaki kwenye gari, mwingine kwenye mkoba wa kazini, na kikapu kining'inie karibu na mlango. Nawe muuzaji, kabla ya kufungia nyanya, muulize mteja kwanza: "Umekuja na mfuko?" Swali hilo halina gharama yoyote, na likiulizwa sokoni kila siku litafanya kazi ambayo faini peke yake haijaweza kuimaliza.